Gobore la yadi 400, na elki anayekuja mwenyewe

Kuna video inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, ya sisi Waswahili tunaowinda huku Marekani. Jamaa amelala kifudifudi juu ya kilima, gobore limesimamishwa kwa miguu yake miwili, darubini ndefu kuliko mkono wangu. Anafyatua. Moshi unatanda. Upande wa pili wa bonde elki dume, paa mkubwa wa huku mwenye pembe za matawi, anapiga magoti, muziki unapanda, na maandishi yanatokea: yadi 430 (yadi ni pungufu kidogo ya mita). Chini yake vijana wamejaza makofi na moto, na swali lao ni moja tu: "Ni aina gani hiyo, bei gani?"

Hakuna aliyeuliza upepo ulikuwaje. Hakuna aliyeuliza ni elki wangapi walitobolewa matumbo kabla hajapatikana huyo wa kwenye video. Ni bei tu!

Niseme mapema, sina ugomvi na gobore la kisasa. Tangu Tony Knight wa Missouri alete gobore lake la MK-85 mwaka 1985, fataki (kile kidude cha kuwashia baruti) ikakaa moja kwa moja nyuma ya baruti badala ya kukaa ubavuni ikingoja mvua iilowanishe, mwindaji amepumua. Mimi nimekulia Tunduru. Mzee jirani yetu alikuwa na gobore lililofuliwa palepale kijijini, mtutu ni bomba, risasi ni vipande vya nondo. (Kibali? Hayo tuyaache.) Nguruwe pori alimsubiri mpaka aone kope zake, kwa sababu akikosa hakuna la pili, na nguruwe naye analijua hilo. Kule kwetu gobore siku hizi unaliona likiwa mezani kwa kamanda wa polisi wa mkoa, limepangwa pamoja na meno ya tembo, waandishi wanapiga picha. Huku linauzwa likiwa na mtutu wa kaboni, na yale yanayotengenezwa kwa oda maalumu, bei yake unapata bodaboda mbili na chenji inabaki.

Basi tuzungumze hizo yadi. Chukua risasi ya greni 250 (karibu gramu 16) ya gobore la kaliba .50, yaani mtutu wa nusu inchi, inatoka mdomoni mwa mtutu kwa futi 2,000 kwa sekunde. Kwa gobore huo ni mwendo wa heshima. Gobore umelirekebisha lipige katikati ya shabaha kwa yadi 100. Kwa yadi 200 risasi imeshuka karibu inchi 11. Kwa yadi 300 imeshuka mita nzima, na ushee. Utaniambia darubini ina vipimo, nazungusha, kwisha kazi. Haya, nakubali, kushuka kunahesabika, maana mvuto wa dunia wa asubuhi ndio huohuo wa jioni.

Upepo je? Upepo wa maili 10 kwa saa, huu wa kutikisa majani tu, utaisukuma risasi hiyo pembeni kama inchi 7 kwa yadi 200. Kwa yadi 300 ni karibu inchi 20. Moyo na mapafu ya elki dume vinakaa kwenye eneo la inchi 15 hivi. Ukidhani upepo ni maili 5 kumbe ni 10, na ni nani asiyekosea hapo, risasi uliyoilenga katikati ya mapafu imeingia tumboni. Na hapo nimekupa upepo mmoja, uliotulia. Milima ya Rocky haina upepo wa namna hiyo. Jua likipanda hewa inapanda na mteremko, jioni inateremka, na unaoupata shavuni mwako si ule wa katikati ya bonde, wala si ule alikosimama mnyama. Darubini ya dola elfu mbili haikuonyeshi hata mmoja kati ya hiyo.

Halafu kuna muda. Kwenda yadi 300 risasi hiyo inatumia zaidi ya nusu sekunde. Elki anayechunga nyasi anapiga hatua ndani ya nusu sekunde. Hajakusikia, hajakuona, ameona tu majani mazuri mbele kidogo. Mwenye bunduki ya kawaida anavuta bolti na kupiga tena. Wewe unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unatafuta fataki mfukoni kwa vidole vinavyotetemeka, na ukiinua kichwa mnyama ameshavuka ukingo. Atakufa, ndiyo. Atakufa usiku, au kesho kutwa, ndani ya misonobari usikokujua, kwa maumivu ambayo hakuna anayeyaweka kwenye video. Kilo mia na zaidi za nyama zimekuwa mali ya koyoti, mbweha wa huku, na kunguru. Mimi hapo sioni ustadi. Naona mtu aliyemchezea mnyama kamari, na dau lililowekwa si lake.

Najua mtakachonijibu. Mtaniambia zipo za sasa kama Remington 700 Ultimate ya 2014 au CVA Paramount ya 2019, zilizoundwa kubeba baruti nyingi na kusukuma risasi ndefu, nyembamba, inayokata hewa vizuri. Ni kweli, na ni silaha nzuri, nimezishika. Kushuka kunapungua, kusukumwa na upepo kunapungua. Kupungua tu lakini, na bado una risasi moja.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba wengi wa hao vijana wanaishi Aurora na Denver, na kibali wanachokitaka ni cha elki wa Colorado. Msimu wa magobore wa Colorado ni siku tisa za katikati ya Septemba. Mjomba, Septemba elki wako kwenye kupandana! Dume anapiga mluzi milimani alfajiri nzima akitafuta wa kugombana naye. Ukijua kumwigiza, au kulia kama jike, anakuja mwenyewe, anavunja matawi, mate yanamtoka, mpaka yadi 40. Siku hizohizo wenzako wa mishale wako porini na wanampata. Wewe umebeba chombo cha yadi 400 kumpiga mnyama anayekufuata mlangoni.

Na hata ukitaka, sheria haikuruhusu. Kwa msimu huo Colorado hawataki darubini, hawataki saboti (kikombe cha plastiki kinachovishwa risasi nyembamba ijae mtutu), hawataki vidonge vya baruti wala baruti isiyo na moshi, na kwa elki kaliba isipungue .50. Yaani nusu ya vitu wanavyovitangaza wauzaji wa magobore hayo utaviacha kwenye gari. Risasi utakayotumia ni ile nene inayojaza mtutu, nzito, ya polepole, na kwayo zile hesabu zangu za juu zinazidi kuwa mbaya. Idaho ni wakali zaidi, wanataka fataki au gumegume (jiwe la kutoa cheche ya kuwasha baruti) liwe wazi lionekane. Pennsylvania wana msimu mzima wa gumegume tangu 1974, baada ya Krismasi, baridi inauma mpaka kwenye meno. Kwa hiyo kabla hujauliza "aina gani", uliza "jimbo gani".

Misimu hii ya magobore ilitolewa kama upendeleo, kwa sababu chombo ni kigumu na wanyama watakaouawa ni wachache. Utah waliruhusu darubini za kukuza mwaka 2016, kisha wakabadili mawazo. New Mexico nao wamezipiga marufuku kwenye vibali vya magobore. Tukiendelea kujisifia yadi 430 mitandaoni, wanaogawa vibali nao wana simu, wanaona.

Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, huyo ambaye watalii wanapelekwa kaburini kwake Beho Beho, ndani ya Hifadhi ya Nyerere, alianza na magobore ya risasi ya robo ratili miaka ya 1870, na tembo aliwaendea kwa miguu. Simpambi; aliua wengi mno. Lakini kutembea alitembea.

Mimi ningenunua nini? Kwa Colorado, kaliba .50 ya bei ya kati, mifuo ya ndani ya mtutu iwe inazunguka mara moja kila inchi 28, kizibo cha nyuma kifunguke kwa mkono bila kugombana na spana. Fedha ya darubini iende kwenye tundu zuri la kulengea, la chuma, lisilocheza. Zinazobaki nunua baruti na risasi, upige. Usipigie mezani tu pale uwanjani, piga umekaa chini, umepiga goti, ukihema baada ya kupanda mlima. Umbali ambao risasi tano zote zinaingia kwenye sahani kwa mikao hiyo, huo ndio wako. Kwa watu wengi ninaowajua hauvuki yadi 120, na wenye macho ya tai hufika 150. Mwenye jimbo linaloruhusu darubini na mwenye mazoezi ya kweli afike 200, sina neno.

Wa kule tambarare za Wyoming wanaowinda pronghorn, mnyama wa mbio afananaye na swala, nawaachia nafasi kidogo, shingo upande. Kule hakuna kichaka cha kujifichia na mnyama ana macho ya ajabu. Lakini hata wao, kutambaa kwa tumbo kupo, magoti yatapona.

Jambo la mwisho kwa anayenunua Blackhorn 209, baruti ya kisasa ya magobore, kwa sababu nimeona mtu akikaribia kujilipua. Kile kipimo cha greni 100 kwenye maelekezo ni cha ujazo. Kwa mizani ni takriban greni 70. Ukipima 100 kwa mizani umejaza zaidi ya inavyostahili, na uso wako uko hapo karibu. Weka alama kwenye mdeki inapofika risasi ikikaa vizuri juu ya baruti, uitazame kila unapopakia. Na kama unatumia baruti nyeusi au Pyrodex, mbadala wake, mtutu usafishwe usiku huohuo, uchovu au si uchovu, maana masizi yake yanavuta unyevu na kutu haingoji upike nyama kwanza.