Mtoto Mwenye Aleji Apewe Unga, Akande

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu siku alipotengwa na wenzake chekechea. Watoto walikuwa wanafinyanga udongo laini wa rangi, ule wa kuchezea, yeye akapewa karatasi na penseli kwenye meza ya pembeni. Mwalimu hakukosea. Udongo mwingi wa aina ile hutengenezwa kwa unga wa ngano, na mwanangu ana aleji ya ngano na mayai. Akiushika kisha akafikicha macho, mabaka yanamtoka na kope zinavimba. Lakini jioni ile aliniuliza, "Mama, mikono yangu ni mibaya?" Swali hilo nililala nalo.

Tunaishi Houston, Texas, na hapa maduka ya Wameksiko hayako mbali. Jirani yetu, bibi wa Kimeksiko, ndiye aliyenielekeza kwenye tortilla za mahindi, yaani chapati zao nyembamba za unga wa mahindi. Mwanzoni nilidhani sembe yangu ya ugali ingetosha. Haikutosha hata kidogo: donge lilimeguka kama mchanga. Bibi akanieleza kwamba mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa, yakalazwa usiku kucha humo humo, ganda likilegea yakaoshwa, ndipo yakasagwa. Chokaa yenyewe ni ya jamii ya ile ambayo kwetu Pwani watu hupaka kwenye tambuu. Ndiyo inayofanya unga ukandike na ushikane, na ndiyo inayofungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya mahindi. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila ujuzi huu, maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Unga uliopitia chokaa huuzwa umekaushwa, unaitwa masa harina.

Nachanganya vikombe 2 vya unga huo, kikombe 1 na nusu cha maji ya vuguvugu na chumvi kidogo. Nafunika nusu saa. Hakuna mafuta wala kusukuma.

Kisha namkabidhi bakuli binti yangu, na mimi nakaa pembeni. Siku ya kwanza alichomeka vidole vyote kumi, akavitoa, akaviangalia mbele na nyuma, akingoja viwashe. Havikuwasha. Akavirudisha mpaka kwenye vifundo vya mikono. Sasa ana miaka minne na ushee, anaviringisha madonge ya ukubwa wa ndimu, analibonyeza moja kwa dole gumba, na kingo zikipasuka ananiambia, "Mama, hili lina kiu." Tunaongeza maji. Donge likiwa tayari analiweka kati ya vipande viwili vya plastiki, kisha ananing'inia kwenye mpini wa kibonyezeo, kifaa cha kulibana donge liwe bapa, mpaka miguu inanyanyuka. Asiye na kibonyezeo atumie sufuria nzito yenye kitako bapa. Kuchoma ni kazi yangu, kwa sababu chuma kinatakiwa kiwe kikavu na cha moto sana: nusu dakika, geuza, dakika moja, geuza tena, na ikifura katikati yeye ndiye anayepiga kelele.

Nasema hivi kwa wazazi wenzangu. Mtoto mwenye aleji husikia "usiguse" tangu asubuhi mpaka anapolala. Ni lazima tumwambie, maana uhai wake umo humo. Lakini tukiishia hapo, atajijua kwa vile anavyokatazwa tu. Mpeni chakula kimoja anachokijua kuliko mtu yeyote nyumbani, tena wote mkile hicho hicho. Chakula cha peke yake kwenye sahani ya peke yake kinamuuma mtoto kuliko tunavyodhani. Kwetu chapati za Jumapili zimekoma. Zilikuwa kipenzi cha mume wangu, na hajazidai hata siku moja.

Chuma cha chapati nilikigawa nikanunua kipya, kwa sababu mabaki ya ngano hujificha. Na pakiti nazisoma kila mara, hata za unga niliouzoea. Hapa Marekani sheria ya mwaka 2004 inawalazimu wenye viwanda kutaja ngano kwa jina ikiwa ni kiungo, ila onyo kwamba huenda bidhaa imegusana na ngano kiwandani ni la hiari. Baadhi ya tortilla za dukani zinazoitwa za mahindi zimechanganywa na ngano. Wapo pia watoto wachache wenye aleji ya mahindi yenyewe, kwa hiyo daktari atangulie kabla ya bakuli.

Mwezi uliopita alitutembelea shangazi yake, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiniambia kipande kidogo cha chapati hakiwezi kumdhuru mtoto. Alitukuta jikoni, akanyoosha mkono achukue donge naye aviringishe. Binti yangu akalifunika bakuli kwa viganja vyote viwili.

"Shangazi, shikamoo. Umenawa? Kwa sabuni?"

Shangazi akanitazama mimi. Nikanyamaza. Akakunja mikono ya gauni, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba.