Mikono inachoka kabla ya miguu: ni midogo au inanyonya oksijeni vibaya?

Goti liliponisumbua nikahamia ile mashine ya kuzungusha pedeli kwa mikono, nikaweka wati 50 tu, mzigo ambao kwa miguu naupiga huku napiga stori na watu, yani dakika ya nne moyo uko 138 na mabega yanawaka moto. Nikamwambia jamaa wa jimu mikono yangu mibovu, akanijibu sio mibovu, ni midogo. Ubishi ukaanzia hapo.

Hoja yake ina nguvu kweli. Watu wa kawaida ukiwapima oksijeni wanayotumia wakijikamua mpaka mwisho, kwa mikono wanafika kama 60 mpaka 70% ya kile cha miguu. Mapaja na makalio ni nyama nyingi mno, mikono inaishiwa wakati moyo bado una akiba. Afu kuna kitu huwa hatukihesabu: ukizungusha kwa mikono lazima tumbo, mgongo na viganja vikaze kukushikilia, vinakula oksijeni ila kwenye kioo cha mashine haviongezi hata wati moja, ndo maana mzigo uleule unakuwa ghali na presha inapanda zaidi.

Ila upande wa pili, wanaosema mikono inanyonya oksijeni vibaya, nao wana lao. Mwaka 2005 mtafiti Calbet na wenzake walipima damu ya wanamichezo wa mbio za ski, wale wanaoteleza kwenye theluji huku wanajisukuma kwa fimbo: miguu ilinyonya karibu 93% ya oksijeni iliyoletwa na damu, mikono karibu 85%. Na hiyo ni mikono iliyoiva! Inaonekana damu inakatiza haraka kwenye misuli ya mkono, haipati muda wa kutosha kushusha mzigo wake, inarudi kwa moyo na oksijeni bado imo.

Mi nikapiga hesabu, kutoka 93 mpaka 85 ni pungufu ya kama 9%, haiwezi kubeba lile pengo la 30 mpaka 40% kati ya mikono na miguu peke yake, kwa hiyo jamaa kashinda, ila sio kwa kishindo, maana sisi ambao kazi ya mikono ni kushika simu huenda tunapoteza zaidi ya hiyo 9. Ukimleta mpiga kasia wa mashindano pengo linapungua sana, lakini yeye misuli imekua na vimishipa vya damu vimeongezeka vyote kwa pamoja, sasa utajuaje kipi kimemsaidia?

Kwenye mapigo ya moyo hatubishani. Kilele cha mikono kiko chini kama mapigo 10 hivi kuliko cha miguu, kwa hiyo ile namba uliyopewa kwa ajili ya kukimbia ukiileta huku utajiumiza bure. Mi nimeshuka mpaka wati 35, na stori zimerudi.