"Alianguka"

Kaka yangu alirudi nyumbani usiku mmoja taya limevimba na jino moja halipo, alikuwa ametoka mikononi mwa askari wawili waliomsimamisha njiani wakitaka kitambulisho. Kesho yake baba akaenda kituoni kuuliza, akaonyeshwa kitabu cha matukio, kumeandikwa neno moja tu: "alianguka". Basi, hakuna kingine. Miaka imepita mingi na taya lilishapona, lakini hilo neno halijanitoka, na ukiniuliza leo kwa nini sisi wa jamii za wachache hatuwaamini polisi sitaanza na kipigo, ntaanza na "alianguka".

Kwa sababu kipigo unaweza kusema ni cha askari wawili wakorofi, kila kazi ina wakorofi wake. Lakini neno kwenye kitabu lina mtu aliyeliandika, kuna mwingine aliyekaa pembeni akalisoma akijua si kweli, kuna mkubwa aliyefunga kitabu. Hapo sasa hauongelei tena wawili, unaongelea kituo kizima. Ndo maana mi naamini kabisa kwamba imani ya watu haifi pale risasi inapotoka, inakufa masaa machache baadaye, pale taarifa ya kwanza inapotoka.

Angalia Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020. Dunia nzima inajua George Floyd alikufaje, askari alimkandamiza shingoni kwa goti zaidi ya dakika 9. Sasa taarifa ya kwanza ya polisi ilisemaje? Kichwa chake kilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati akishughulika na polisi, wakaeleza kwamba alikaidi, kwamba alionekana hali yake mbaya, wakaita gari la wagonjwa. Goti halikutajwa popote. Kama yule binti wa miaka 17 asingesimama pale na simu yake akarekodi mpaka mwisho, hiyo taarifa ndo ingekuwa historia, ingewekwa kwenye faili na yule askari wa goti, Derek Chauvin, angeamka kesho akaenda kazini. Badala yake alihukumiwa miaka 22 na nusu.

Mi siku hizi nikisoma taarifa za namna hii naangalia vitenzi tu. Kiswahili chetu kinaficha mtu vizuri sana ukitaka: "amefariki", "risasi ilimpata", "purukushani ilitokea", "alipoteza maisha". Risasi ilimpata, kama vile ilikuwa inatembea yenyewe ikamtafuta! Ukiona sentensi haina mtendaji ujue mtendaji ana sare.

Chicago ndo iliniumiza zaidi, maana pale haikuwa siku moja. Oktoba 20, 2014, kijana Mweusi wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na askari, akafa. Maelezo yakawa kwamba aliwafuata askari na kisu na ripoti za wenzake askari zikaunga mkono. Kumbe gari la polisi lilikuwa na kamera na video ilikuwepo tangu usiku ule ule, inaonyesha kijana anatembea anawakwepa. Aprili 2015 jiji likapitisha kuilipa familia dola milioni 5 na video bado imefungiwa, ikatoka Novemba 2015 baada ya jaji kuamuru. Miezi 13! Hebu fikiria, mzazi wa mtaa ule ule kwa miezi yote hiyo anaambiwa aamini, aripoti uhalifu, atoe ushahidi, kwa watu walewale waliokuwa wamekalia ukweli. Jason Van Dyke aliyefyatua alitiwa hatiani 2018, akapewa chini ya miaka 7 na akatoka baada ya kama mitatu hivi. Wenzake watatu walioshtakiwa kwa kuficha waliachiwa na mahakama, ingawa baadaye bodi ya polisi iliwafukuza kazi askari wanne. Nasema ingawa, lakini kwangu hiyo ingawa ni ndogo sana.

Na Ufaransa, Nanterre, Juni 27, 2023, Nahel Merzouk naye miaka 17, askari alimpiga risasi akafa. Vyanzo vya polisi vikasema alimwendea askari na gari, ikaja video, askari kasimama ubavuni mwa gari. Habari ni ileile. Watu wakachoma miji kwa siku kadhaa na wengi wakauliza hasira zote hizi zimetoka wapi. Mi sishabikii kuchoma, wanaounguliwa mara nyingi ni wale wale maskini, lakini jibu la swali lao lilikuwepo kwenye yale masaa ya mwanzo kabla video haijatokea.

Halafu kuna hoja inanichosha, eti jamii za wachache hazishirikiani na polisi, zinaficha wahalifu wake, zikitaka haki zianze kwa kutoa taarifa. Anayesema hivi asome kesi ya Stephen Lawrence. Kijana wa miaka 18, alichomwa kisu London kwenye kituo cha basi Aprili 22, 1993 na kundi la vijana wa kizungu, bila kosa. Rafiki yake aliyekuwa naye na aliyeona kila kitu, polisi walimchukulia kama mtuhumiwa badala ya shahidi. Na majina? Majina yalikuja, tena haraka, ndani ya siku moja mbili watu walishaanza kuyapeleka, kuna barua ziliachwa, kuna mtu alikwenda kituoni kwa miguu yake. Watu WALISHIRIKIANA. Polisi wakakaa mpaka Mei 7 ndo wanaanza kukamata. Wawili tu ndo walikuja kutiwa hatiani kwa mauaji yale, Januari 2012, karibu miaka 19. Katikati hapo ripoti ya jaji Macpherson ya 1999 ilisema wazi kwamba polisi wa London wana ubaguzi wa rangi wa kitaasisi, yaani hauko kwa mtu mmoja mmoja tu, uko kwenye namna kazi yenyewe inavyofanywa, ikatoa mapendekezo 70. Mwaka 2023 ripoti ya Louise Casey ikarudia jambo lile lile kuhusu jeshi lile lile. Na baadaye kabisa ikajulikana kwamba polisi walikuwa wameingiza mpelelezi wa siri karibu na familia ya marehemu, familia iliyokuwa inadai haki ya mtoto wao! Sasa niambie hiyo familia ilitakiwa ishirikiane kiasi gani zaidi.

Dawa inayotajwa siku hizi ni kamera za kifuani. Sizikatai, bora ziwepo. Ila kulikuwa na utafiti mkubwa Washington DC, uliotoka 2017, askari zaidi ya 2,000, haukuona tofauti ya maana kwenye matumizi ya nguvu kati ya waliovaa na wasiovaa. Na Chicago kamera ilikuwepo, tatizo lilikuwa nani ameshika ufunguo wa kabati. Mechi za mpira za polisi na vijana wa mtaa ndo sizizungumzii kabisa, mtu hawezi kucheza mpira na mtu akasahau.

Kinachonipa moyo ni Ireland ya Kaskazini, japo pale tofauti ilikuwa ya madhehebu na siasa, sio rangi. Polisi wa zamani, RUC, Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 tu na mitaa ya Wakatoliki ilikuwa haiwaamini hata chembe. Tume ya Patten, iliyoundwa kuangalia upya polisi wale, ikatoa mapendekezo 175 mwaka 1999, likazaliwa jeshi jipya Novemba 2001, jina jipya, nembo mpya, na kwa miaka kumi wakaajiri nusu Wakatoliki nusu wasio Wakatoliki mpaka wakafika karibu asilimia 30. Watu hutaja hiyo ajira kwanza. Mi natanguliza ile ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi iliyoanza Novemba 2000, ofisi huru, ina wapelelezi wake wenyewe, inakwenda eneo la tukio yenyewe bila kusubiri ripoti ya askari. Mganga hajigangi, na hawa walilielewa hilo. Mwaka mmoja tu baada ya kuanza, mkuu wake Nuala O'Loan akatoa ripoti kuhusu bomu la mji wa Omagh la 1998 lililoua watu 29, akaukosoa uongozi wa juu kabisa wa polisi kwa jinsi walivyoshughulikia taarifa walizokuwa nazo kabla na upelelezi wenyewe baadaye. Walikasirika sana. Lakini mtu wa kawaida aliyekuwa nyumbani kwake aliona kitu ambacho hajawahi kuona, ofisi ya serikali inamwambia mkubwa wa polisi hapana, hadharani, na kesho yake ofisi bado ipo wazi. Sisemi kule kumekuwa peponi, Wakatoliki kwenye jeshi mpaka leo ni kama theluthi tu na yapo makundi yenye silaha yanayowatisha wanaojiunga. Lakini mtu ana pa kwenda ambapo sio kwa aliyempiga.

Najua kuna askari wema, nimekutana nao, mmoja alinisindikiza na mama usiku mpaka hospitali na hakutaka hata asante. Hao ndo wanaoumia zaidi, maana yule mwema akiandika ukweli kwenye ripoti wakati wenzake wanne wameandika uongo, anabaki peke yake kazini kwa miaka inayofuata, na hakuna anayemlinda.

Kwa hiyo mi ninachodai ni kimoja kwanza, kabla ya mechi na semina. Taarifa ya kwanza iwe na jina la aliyeiandika. Ikionekana ya uongo isahihishwe kwa sauti ile ile iliyotangaziwa, na mwandishi wake ahojiwe na watu wasiokula naye meza moja. Baba yangu alikwenda kile kituo mara tatu. Mara zote tatu aliuliza swali moja tu, nani aliandika hapa, na mara zote tatu alijibiwa kwamba mwandiko haujulikani.