Siku nilipoingia choo cha kike Galway, choo chenyewe

Wabongo tukimwambia mtu "leo umeingia choo cha kike" tunamaanisha kakanyaga pabaya, kajichanganya na watu sio. Sasa mimi niliingia chenyewe, chenye mlango na kitasa, huko Galway, magharibi mwa Ayalandi.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ile ya kupiga pembeni ambayo mwavuli haukusaidii kitu, shemeji yangu (kaoa dada yangu, wanaishi kule) akasema tujibanze baa. Pombe situmii, wakaniletea buli la chai ya maziwa, likiisha wanajaza tena, buli la tatu kibofu kikaanza kutoa onyo.

Nikanyoosha mpaka nyuma. Milango miwili inatazamana, hakuna kapicha ka sketi wala suruali, maandishi matupu. Mmoja FIR, wa pili MNÁ. Nikasimama pale kama nasahihisha mtihani. FIR, hiyo F si ile ya wanawake unayotiki kwenye fomu? Na MNÁ ni herufi zile zile za "man", mchoraji tu kakosea mpangilio, na kale kakijiti juu ya A nikajua rangi imeruka. Halafu Kiswahili chenyewe kinasema mna, yani humo ndani mna nafasi. Ushahidi kama huo hata hakimu angeupokea.

Nikaingia. Pasafi, pananukia, hakuna pa kusimamia, nikajisemea wenzetu wastaarabu bana, kila mwanaume na chumba chake. Nimejifungia namalizia mambo yangu si nikasikia viatu vya mchuchumio ko ko ko, wadada wawili wanacheka. Nikawaonea huruma, hawa wamepotea njia! Nikakohoa kile kikohozi kizito cha baba mwenye nyumba anaporudi usiku. Kimya. Mmoja akanong'ona kitu, viatu vikatoka mbio. Nikatoka kifua mbele, nikamkuta bibi mmoja wa miaka sabini hivi ananawa mikono, na kwa adabu zangu zote nikamwambia samahani mama, hapa ni kwa wanaume.

Bibi akanitazama kwenye kioo, hakugeuka hata. Akafunga bomba, akajikausha kidole kimoja kimoja, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanitoa nje akanisimamisha mbele ya mlango. "Soma." Nikasoma mna. Akasema kile kijiti kinaivuta A iwe ndefu, na sisi wa huku magharibi hiyo N tunaitamka R, "mraa", na maana yake ni wanawake.

Yani ningeomba ardhi inimeze, ila shida ni kwamba bibi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiayalandi, na mwalimu mstaafu akipata mwanafunzi hamwachii. Akaja mpaka mezani kwetu, akavuta kiti. Mwanamke mmoja ni bean, unatamka "byan". Ukimtaja yule ambaye tayari anajulikana anakuwa an bhean, ile B inageuka V. Wakiwa wengi ndo mná, maana zamani huko B ilipogusana na N ikalainika ikawa M, na eti neno hilo lina shina moja na queen ya Waingereza. Wanaume nao, mmoja fear, wengi fir, ndugu wa vir ya Kilatini. Hapo nikaelewa ile F yangu ya kwenye fomu ilivyonitosa. Halafu ukitaka kusema "ya wanawake" inakuwa "na mban", M inakaa mbele, B inamezwa, na inasikika...

"Na man," akasema.

Nikamwambia mwalimu subiri kidogo, neno lenu la wanawake linatamkwa man halafu mwenye kosa mimi? Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye wala, akaendelea, akanipa na mfano, Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa Dublin 1914 na ikawemo kwenye mapambano ya uhuru wao.

Nikaanza kujitutumua sasa, kwetu hamna fujo kama hizo, mtu watu, kiti viti, mstari umenyooka. Shemeji, msaliti, akadakia:

"Jino?"

"Meno."

"Jicho?"

"Macho."

"Jiko?"

Nikanywa chai.

Na hiyo chai ndo ikaniponza, maana baada ya nusu saa kibofu tena, na kila nikiinuka baa nzima wananipigia kelele "Fir! Fir!" huku wananyoosha vidole mlango wa kushoto, hata mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye kona aliamka akasaidia.

Usiku nimerudi, bado nacheka peke yangu, nikatuma meseji kwenye grupu la familia: "Jamani leo nimeingia choo cha kike huku." Nikalala. Asubuhi nakuta simu ambazo sijapokea kumi na saba. Mama mkubwa anauliza polisi wanataka shilingi ngapi, baba mdogo anasema alishaonya kuhusu hizi safari, na binamu kashafungua mchango, watu wanne wameshaahidi. Ikabidi nipige.

"Mama, hapana. Choo. Choo cha kunyea."

Kimya kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa ulikuwa unafanya nini choo cha kike?"

Nikamwambia mama, tuendelee tu na mchango.