Sampo: heshima kwa wakongwe au jasho la mtu mwingine?

Mwaka 1988 James Mtume, aliyewahi kupiga ngoma kwenye bendi ya mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis, alisema redioni kwamba vijana wa hip-hop wanaosampo nyimbo za watu, yaani kukata kipande cha rekodi ya mwingine na kujengea wimbo mpya juu yake, wanakwepa kazi ya muziki. Kundi la rap la Stetsasonic la Brooklyn, New York, likamjibu kwa wimbo, "Talkin' All That Jazz". Hoja yao: James Brown, nguli wa funk, alikuwa ameshaanza kusahaulika hadi rap ilipomrudisha masikioni mwa vijana.

Tuanze na haki ya Stetsasonic, maana wanayo. Hip-hop ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa na santuri tu. Agosti 1973, kwenye sherehe ya dada yake huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alikuwa ameshagundua kwamba watu hulipuka pale bendi inapokaa kimya na drams kubaki peke yake. Akawa anatumia nakala mbili za santuri moja ili kipande hicho kisiishe. Miaka miwili baadaye Jiji la New York lilikaribia kufilisika, maelfu ya walimu wakaachishwa kazi na masomo ya muziki yakaumia. Kumwambia kijana wa hapo "jifunze ala kwanza" ni kumdai kitu ambacho jiji lenyewe lilishindwa kumpa.

Tena kusampo si kazi ya mvivu. Mashine ya kusampo ya SP-1200, iliyotoka 1987, ilihifadhi sauti ya takriban sekunde 10 tu. Maprodyuza walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili kipande kiingie kikiwa kifupi, kisha wakakirudisha kwenye mwendo wa polepole ndani ya mashine. Ule ukwaruzo unaousikia kwenye rap ya miaka hiyo umetokana kwa sehemu na ujanja huo. Kwangu mimi huo ni uanamuziki kamili.

Lakini sikiliza "Funky Drummer" ya James Brown, santuri ya 1970. Wimbo ukiwa umekwenda zaidi ya dakika tano, Brown anaiamuru bendi inyamaze na mpiga drams wake Clyde Stubblefield anabaki peke yake kwa sekunde ishirini hivi. Mkono wa kulia hauachi matoazi. Wa kushoto unaigusa drams ndogo kwa pigo zito, na katikati ya mapigo mazito unaacha minong'ono midogo ambayo ndiyo inayoufanya mdundo utembee. Hakufundishwa darasani. Alikulia Chattanooga, akiiga midundo ya viwanda na treni. Sekunde hizo zimesampowa kwenye nyimbo nyingi mno, "Fight the Power" ya kundi la rap la Public Enemy ikiwemo.

Stubblefield hakuandikwa kama mtunzi, basi mirabaha ya sampo hizo haikuwa yake. Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kusampo bila ruhusa, na jaji alianza uamuzi wake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Tangu hapo sampo zikalipiwa, na ghali. Zililipwa kwa nani? Kwa wenye rekodi na wenye utunzi. Mpiga drams aliyelipwa ujira wa siku hiyo hakuguswa na haki hiyo hata kidogo.

Televisheni ilizidisha tatizo. Kipindi cha Yo! MTV Raps, kilichoanza Agosti 1988, kiliifikisha hip-hop kwenye nyumba ambazo zisingeipata kamwe, na kwa hilo kinastahili sifa. Ila video ilihitaji sura: rapa, gari, mtaa. Aliyepiga mdundo hakuwa na nafasi kwenye picha.

Njia bora ilikuwepo tangu mapema. Kundi la rap la A Tribe Called Quest walipotaka besi ya jazz mwaka 1991, walimwita mpiga besi Ron Carter mwenyewe, mzee wa bendi ya Miles Davis, akapiga studio na jina lake likatajwa kwenye wimbo. Rapa Kendrick Lamar alifuata njia hiyo 2015 kwa albamu "To Pimp a Butterfly", akiwaweka wanamuziki Kamasi Washington, Thundercat na George Clinton ndani ya kazi. Mtume naye, aliyekuwa mtunzi kwenye karatasi, alitajwa kama mtunzi pale "Juicy Fruit" yake ilipogeuzwa "Juicy" ya rapa Notorious B.I.G. mwaka 1994. Sheria ilimlinda aliyelalamika kwa sababu alikuwa na hati. Stubblefield alipougua saratani, aliyemsaidia kulipa deni la hospitali alikuwa mwanamuziki Prince, kwa mapenzi tu ya drams zake. Alifariki 2017, na mpaka leo mdundo wa mpiga drams, usipoandikwa kama utunzi, si mali yake mbele ya sheria.