Mcheza drafti asianzishwe na kete 32

Mtu mzima anayetaka kujifunza sataranji hapa Kigoma mara nyingi huja akiwa mchezaji wa drafti tayari. Amekaa miaka kwenye vibaraza vya Ujiji na Mwanga akisukuma vifuniko vya soda, anajua kutega, anajua kutoa kete moja ili ale tatu. Halafu anakutana na mwalimu anayempangia kete zote 32, anamkaririsha majina, kisha anamfunga kwa hatua nne. Mzee wa watu anainuka akisema huu ni mchezo wa wasomi. Inaniuma, maana akili anayo. Aliyekosea ni mwalimu.

Mimi naanza na mfalme mmoja na askari wanane tu kila upande. Anayetangulia kufikisha askari mstari wa mwisho ameshinda. Hilo mcheza drafti halimpi shida, kwani hata kule kete ikifika mwisho inakuwa kingi. Shida yake ni kula. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono umeshazoea. Mwanafunzi wangu mmoja, muuza migebuka wa Kibirizi, kila askari wangu alipokaa mshazari na wake alikuwa ameshamkamata kabla hajatazama kwingine.

"Mzee wangu, huku kula ni hiari."

Akarudisha mkono, akautazama ubao wote. "Kwa hiyo mwalimu, naweza kukuacha hapo hapo uhangaike?"

Swali zuri kuliko hilo sijaulizwa na mwanafunzi.

José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri watu wajifunze mwisho wa mchezo kabla ya mwanzo wake. Kwa mtu mzima namuunga mkono kabisa, kwa sababu mtu mzima anataka sababu, na kete zikiwa chache sababu inaonekana. Weka askari mweupe katikati ya ubao, mstari wa nne kutoka upande wake, mfalme wake mraba mmoja mbele yake, na mfalme mweusi amkabili, mraba mmoja ukiwa wazi kati yao. Zamu ikiwa ya mweusi, lazima apishe, na askari atafika. Zamu ikiwa ya mweupe, mweusi akijilinda vizuri ni sare. Kete tatu tu, na watu wanabishana mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya hapo naongeza ngome, askofu, malkia. Farasi namweka mwisho, kwa sababu anaruka kete bila kuzila, na kwa mcheza drafti kuruka ni kula. Namna za kufungua mchezo zisubiri hata miezi.