Maji ya Dodoma Yanategemea Mvua Kubwa, na Hatujajiandaa Kuzipokea

Kila yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi hapa Dodoma, mazungumzo huishia kwenye ukame. Si ajabu, kwa kuwa mkoa wetu hupata milimita zipatazo 550 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka, tena karibu zote katika msimu mmoja wa kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo, nina hakika kwamba tunapolitazama suala hili kwa jicho la ukame peke yake, tunakosea mahali pa kuweka nguvu zetu.

Kwa miongo mingi jiji limetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, ambako maji hukaa katika mwamba uliochakaa na wenye nyufa. Kina cha maji hayo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ambayo ni adimu barani Afrika na ambayo haizungumzwi vya kutosha hata na sisi tunaoyanywa. Kumbukumbu hiyo inaonyesha kwamba mvua za kawaida huongeza kidogo sana: kina hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha huja msimu wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Nino wa 1997/98, na maji yakapanda tena. Misimu michache ya namna hiyo ndiyo iliyotulisha miaka yote iliyobaki.

Hewa inapozidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwa hiyo mvua huweza kushuka kwa kishindo baada ya jua la muda mrefu. Mkulima wa uwele wa Chamwino au Bahi huumia, maana zao hukauka kabla ya mvua kurudi. Maji ya chini ya ardhi yangeweza kunufaika na kishindo hicho, lakini pale tu mafuriko yanapopata mahali pa kuzama, na mahali penyewe hasa ni makorongo yenye mchanga.

Tunayafanyia nini makorongo hayo? Wakazi wa jiji walikuwa 410,956 katika sensa ya 2012, na kufikia 2022 walikuwa 765,179. Ujenzi wa makao makuu ya nchi unahitaji mchanga, na mchanga huo unachotwa makorongoni, huku viwanja vikisakafiwa na miteremko ikipoteza miti yake. Bwawa la Hombolo, lililojengwa katika miaka hiyohiyo ya 1950, limejaa tope kiasi cha kutosha kutuonya.

Naunga mkono bwawa la Farkwa, linalokusudiwa kulipatia jiji maji, na mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria. Lakini bwawa la wazi katika nchi yenye jua kama hili hupoteza maji mengi hewani, wakati maji yaliyo ndani ya mwamba hayaguswi na jua. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu kutengwa kwa maeneo ya vyanzo vya maji. Uwezo huo utumike hadi kwenye makorongo yote yanayolisha Makutupora, uchimbaji wa mchanga ukomeshwe humo, na wakulima wa juu ya bonde wanaotunza visiki hai (visiki vinavyochipua tena kuwa miti) na kuchimba makinga maji walipwe kwa kazi hiyo, kabla msimu mwingine mkubwa haujatupita.